Orodha ya mnyororo au foleni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na vijana ninaowafundisha programu hapa Lamu. Wengine huniuliza barazani baada ya alasiri, wengine hunipigia simu usiku wakiwa wamekwama. Mifano nimeitoa hapa hapa tunapoishi: jeti, vichochoro, kahawa ya jioni. Msimbo ni wa Python kwa kuwa ndiyo wengi wenu mnayoanzia, ila nimegusia Java na C++ panapohitajika.

Mwalimu, nitumie orodha ya mnyororo au foleni?

Hili ndilo swali la kwanza siku zote, na lina fundo ambalo lazima tulifungue kabla ya yote. Vitu hivi viwili havishindani. Foleni ni ahadi: aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuhudumiwa. Ahadi hiyo haisemi watu wameandikwa kwenye daftari au ubaoni, wala kama wamesimama au wameketi. Orodha ya mnyororo ni ujenzi: ni namna ya kuipanga data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kila kipande kikijua kinachokifuata kiko wapi.

Kuuliza "foleni au orodha ya mnyororo?" ni sawa na kumuuliza mwenye kiwanja, "Tukujengee msikiti, au tujenge kwa mawe ya matumbawe?" Msikiti unaweza kujengwa kwa matumbawe, kwa matofali, hata kwa miti na makuti. Na matumbawe hayo hayo yanaweza kujenga nyumba, kisima au ukuta wa bustani.

Java inalionyesha jambo hili waziwazi katika mstari mmoja:

```java
Queue<String> abiria = new LinkedList<>();
```

Upande wa kushoto ni ahadi, upande wa kulia ni mawe. Ukibadilisha kulia ukaweka `ArrayDeque`, ujenzi mwingine wa Java, programu yako yote inaendelea kufanya kazi bila kuguswa pengine popote. Basi jiulize kwanza: data yangu inaingiaje na inatokaje? Ukishapata jibu, ndipo uulize uijenge kwa kitu gani. Vijana wengi wanaohangaika wameanza na swali la pili.

Orodha ya mnyororo hasa ni kitu gani?

Mgeni akishuka jetini akaulizia nyumba iliyo ndani ya Mkomani, hapewi namba ya nyumba. Anaambiwa, "Ingia kichochoro hicho, ukifika msikitini uliza." Msikitini anaambiwa, "Pinda kushoto, kwa fundi cherehani uliza." Fundi cherehani naye anamwelekeza kwenye mlango wa nakshi ulio mbele. Kila anayeulizwa anajua hatua moja tu.

Hiyo ndiyo orodha ya mnyororo. Kila kituo tunakiita nodi, na kila nodi ina vitu viwili: data yake, na kielekezi kinachoonyesha nodi inayofuata. Nodi zenyewe zinaweza kutawanyika popote kwenye kumbukumbu, kama nyumba zilivyotawanyika mjini. Huwezi kwenda moja kwa moja hadi nyumba ya saba. Utapita sita za kwanza. Na fundi cherehani akiwa amefunga, nyumba zote za mbele zipo pale pale zilipo, lakini wewe umepotea.

Safu ya kawaida ni tofauti: ni kama viti vya boti vilivyopangwa na kupewa namba. Ukitaka kiti cha saba unaenda cha saba.

Waliobuni mpango huu ni Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon, mwaka 1955 na 1956, wakiwa na shirika la RAND nchini Marekani. Walikuwa wanatengeneza programu ya kuthibitisha nadharia za mantiki, na hawakuweza kujua mapema kila orodha ingehitaji nafasi kiasi gani. Wangetenga nafasi kubwa, kumbukumbu ya mashine za wakati ule ingewaishia. Wakaamua kila kipande kitafutiwe nafasi kinapohitajika, kisha kifungwe kwa mwenzake. Newell na Simon walipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1975, kazi hiyo ya orodha ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Napenda mwanafunzi aijue historia hii kwa sababu inamwonyesha mnyororo ulizaliwa na shida gani.

Na foleni inatumika wapi?

Popote penye zamu. Saiba ina printa moja na wateja watano wametuma kazi: kazi zinapanga foleni. Ujumbe unasubiri mtandao urudi ili utumwe: foleni. Unatafuta njia yenye vituo vichache zaidi kutoka Mokowe hadi Kizingitini: unavipitia kwanza vituo vya jirani vyote, kisha majirani wa majirani, na kinachokutunzia mpangilio huo ni foleni. Shughuli zake ni chache: kuingiza nyuma, kutoa mbele, kumtazama aliye mbele bila kumtoa, na kuuliza kama ni tupu. Basi.

Si nitumie tu `list` ya Python, niongeze kwa `append` na nitoe kwa `pop(0)`?

Itafanya kazi. Kwa foleni ya watu 40 hutaona tofauti yoyote, na sitakukemea. Lakini ujue kinachotendeka chini.

`list` ya Python, pamoja na jina lake, si orodha ya mnyororo. Ni safu. Ukimtoa aliye kiti cha kwanza, Python inawasogeza wote waliobaki kiti kimoja mbele. Kwenye foleni ya 40, mpaka uimalize utakuwa umesogeza mara 39, kisha 38, kisha 37, jumla 780. Kompyuta hailioni hilo. Sasa fanya foleni iwe ya 100,000. Jumla ya kusogeza inafika 4,999,950,000, karibu bilioni 5, ili tu kuwatoa watu mmoja mmoja. Foleni imekua mara 2,500, kazi imekua zaidi ya mara milioni 6.

Dawa ipo tayari ndani ya Python tangu toleo la 2.4:

```python
from collections import deque

abiria = deque()
abiria.append("Mwanaisha")
abiria.append("Athmani")
wa_kwanza = abiria.popleft()
```

`popleft` haimsogezi mtu. Iwe foleni ni ya 40 au ya 100,000, gharama yake ni ile ile. Ukinitaka nikuchagulie bila maelezo, nakwambia: katika Python foleni ni `deque`, katika Java ni `ArrayDeque`, katika C++ ni `std::queue`, ambayo yenyewe imejengwa juu ya `std::deque` usipoiagiza vingine.

Nikitaka kuijenga foleni mwenyewe kwa mnyororo, naanzaje?

Unahitaji vielekezi viwili vya kushika ncha: kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma. Andika hivi:

```python
class Nodi:
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.inayofuata = None

class Foleni:
    def __init__(self):
        self.mbele = None
        self.nyuma = None

    def ingiza(self, jina):
        mpya = Nodi(jina)
        if self.nyuma is None:
            self.mbele = mpya
        else:
            self.nyuma.inayofuata = mpya
        self.nyuma = mpya

    def toa(self):
        if self.mbele is None:
            raise IndexError("foleni ni tupu")
        jina = self.mbele.jina
        self.mbele = self.mbele.inayofuata
        if self.mbele is None:
            self.nyuma = None
        return jina
```

Itazame ile mistari miwili iliyo juu ya `return`. Wanafunzi huiruka, na programu huonekana nzima kabisa hadi foleni imalizike mara ya kwanza. Abiria wa mwisho akishatoka, `mbele` ni `None`, lakini `nyuma` bado inamwelekezea mtu aliyekwisha panda boti na kuondoka. Akija abiria mpya, programu inamfunga nyuma ya yule aliyeondoka. Ukiiomba foleni imtoe mtu, inasema ni tupu, na huku abiria amesimama pale jetini na mzigo wake.

Kwa nini tunaingiza nyuma na kutoa mbele, si kinyume chake? Kwa sababu mnyororo wa njia moja hautazami ulikotoka. Ukimtoa wa mwisho, lazima umpate anayemtangulia ili awe ncha mpya, na kumpata ni kuanza safari upya kutoka mwanzo.

Nimesikia foleni inaweza kujengwa kwa safu ya duara. Hiyo nayo ikoje?

Mfikirie muuza kahawa jioni, dele lake mkononi na vikombe vyake vichache. Tuseme vinane. Hanunui kikombe kipya kila mteja anapokuja. Anayemaliza anarudisha, kinasuuzwa, kinakwenda kwa mwingine. Vikombe ni vinane tangu alasiri hadi isha, na kahawa imewafikia watu wengi.

Safu ya duara ni hivyo. Unatenga nafasi nane, kuanzia namba 0 hadi 7, na unashika namba mbili: foleni inaanzia wapi, na ina watu wangapi. Ukimtoa mtu, humsogezi yeyote, unaisogeza namba ya mwanzo tu. Nafasi ya 7 ikijaa, anayefuata anawekwa nafasi ya 0 kama imeachwa wazi. Hesabu yake ni `(mwanzo + idadi) % 8`.

Idadi usiache kuihifadhi. Ukishika tu namba ya mwanzo na ya mwisho, foleni iliyojaa na foleni tupu zinafanana: namba zote mbili zinakutana mahali pamoja.

Nafasi zikijaa, una njia mbili. Utenge safu kubwa zaidi na kuhamisha wote, kama `ArrayDeque` ya Java inavyofanya. Au ukatae mpaka nafasi ipatikane, ambayo ndiyo busara kwenye vifaa vidogo vyenye kumbukumbu finyu.

Ipi ina kasi zaidi?

Vitabu vinasema zote mbili, ya mnyororo na ya duara, zinaingiza na kutoa kwa gharama isiyokua. Ni kweli, lakini mashine halisi ina mambo yake.

Prosesa haichukui baiti moja moja kutoka kwenye kumbukumbu. Kompyuta nyingi za leo huchukua kipande cha baiti 64 kwa mkupuo. Namba kamili ya baiti 4 kwenye safu: mkupuo mmoja unaleta namba 16, zote za jirani, na unazihitaji zote. Kwenye mnyororo, jirani yako anaweza kuwa upande mwingine wa kumbukumbu, kwa hiyo kila nodi ni safari mpya.

Halafu nafasi. Katika C, kwenye mashine ya biti 64, nodi ya namba moja huchukua kwa kawaida baiti 16: nne za namba, nne za kujazia mpangilio ukae sawa, nane za kielekezi. Mnyororo wa njia mbili, wenye kielekezi cha mbele na cha nyuma, unafika 24. Namba milioni moja ni megabaiti 4 kwenye safu, na 16 au 24 kwenye mnyororo, kabla hujahesabu gharama za kuomba nafasi yenyewe. Ndiyo maana hata nyaraka za Java zinaeleza kwamba `ArrayDeque` huenda ikawa na kasi kuliko `LinkedList` inapotumika kama foleni.

Wenzetu waliounda `deque` ya Python walichanganya yote mawili: ni mnyororo wa njia mbili, lakini kila nodi inabeba vitu 64. Nakiri kazi hiyo imenivutia tangu siku nilipoisoma.

Basi mnyororo una kazi gani tena?

Hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu jibu lilinijia jetini Mokowe na si kitabuni.

Tuseme unaandika programu ya kupanga abiria wa boti za kuvuka kwenda Lamu. Wanajiandikisha wanapofika, na boti ikiwa tayari wanaitwa kwa zamu. Foleni safi. Unaandika `deque`, unalala. Siku ya pili, dada mmoja aliye wa kumi na saba anapigiwa simu: mgeni wake ndiyo kwanza anashuka kwenye basi, na yeye anataka kumsubiri. Anaghairi. Unamtoaje?

Ahadi ya foleni haikusema lolote kuhusu kutoka katikati. `deque` itabidi imtafute mmoja mmoja hadi impate. Mara moja kwa siku, haina neno. Lakini programu ikihudumia maelfu, na wengi wakighairi, kutafuta huko kunakula muda wote.

Mnyororo wa njia mbili unalimaliza kwa uzuri. Unaweka pia kamusi inayounganisha namba ya tiketi na nodi ya abiria huyo. Akighairi, kamusi inakupa nodi yake papo hapo. Nodi inawajua majirani zake wawili, aliye mbele na aliye nyuma. Unawaunganisha wao kwa wao, naye ametoka. Hakuna aliyetafutwa, hakuna aliyesogezwa, na zamu za wengine hazikuguswa.

Mchanganyiko huu wa kamusi na mnyororo wa njia mbili utaukuta kila mahali ukishaujua. `OrderedDict` ya Python ndani yake ni hivyo. `lru_cache`, inayokumbuka majibu ya karibuni na kutupa lile lililokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa, nayo ni hivyo. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimejaa mnyororo wa duara wa njia mbili kwa sababu hiyo hiyo: kitu kinachosubiri kinaweza kulazimika kuondoka kabla ya zamu yake.

Ipo pia njia ya mkato, nami huitumia mara nyingi kuliko ninavyotumia mnyororo. Usimtoe aliyeghairi. Mwandikie alama kwamba ameghairi, na zamu yake ikifika, mruke. `deque` inabaki `deque`, msimbo unabaki mfupi. Angalizo lake ni moja: idadi ya foleni haitakuwa idadi ya abiria kweli, kwa hiyo mwenye boti akikuuliza wamebaki wangapi, uwe na hesabu yako pembeni.

Nimeingiza nodi katikati na nusu ya orodha yangu imepotea. Nimekosea wapi?

Pole sana. Naijua hali hiyo. Mara ya kwanza nilipoandika orodha ya abiria kwa C, majina yote baada ya lile nililoliongeza yalitoweka, na programu ikawa inachapisha jina moja bila kikomo. Nilikaa nayo hadi adhana ya alfajiri. Kosa lilikuwa mpangilio wa mistari miwili.

Hivi si sawa:

```python
iliyotangulia.inayofuata = mpya
mpya.inayofuata = iliyotangulia.inayofuata
```

Soma kwa kidole. Mstari wa kwanza umeifanya `iliyotangulia` imwelekeze `mpya`, na hapo hapo umepoteza njia pekee ya kuwafikia waliobaki. Mstari wa pili unauliza "aliyekuwa akifuata ni nani?", na jibu sasa ni `mpya` mwenyewe. Anajielekeza yeye mwenyewe, na yeyote apitaye atazunguka hapo milele.

Geuza. Mpya amshike anayefuata kwanza, ndipo aliyetangulia amwachie:

```python
mpya.inayofuata = iliyotangulia.inayofuata
iliyotangulia.inayofuata = mpya
```

Nahodha anayebadilisha kamba ya kufungia chombo hafungui ya zamani kabla ya mpya haijakazwa. Chora visanduku na mishale kwenye karatasi kabla ya kuandika mstari wowote wa namna hii. Mimi mpaka leo nachora.

Ukishuku orodha yako ina mzunguko, tuma vielekezi viwili kutoka mwanzo, kobe anayekwenda nodi moja moja na sungura anayekwenda mbili mbili. Wakikutana tena, mzunguko upo. Sungura akifika mwisho, haupo.

Foleni na rundo tofauti yake nini?

Foleni: wa kwanza kuingia ni wa kwanza kutoka. Rundo: wa mwisho kuingia ni wa kwanza kutoka, kama sahani zilizopangwa jikoni. `deque` inaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili.

Programu yangu ina nyuzi kadhaa, yaani sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, zinazogombea foleni moja. `deque` inatosha?

Kama unahitaji uzi mmoja usubiri mpaka kitu kiingie, tumia `queue.Queue` ya Python, iliyotengenezwa na kufuli zake ndani, za kuzuia nyuzi mbili zisiiguse foleni kwa pamoja. Java ina `ArrayBlockingQueue` ya safu na `LinkedBlockingQueue` ya mnyororo. Usijitungie kufuli zako mwenyewe mwaka wa kwanza.

Kama `deque` ipo tayari, kwa nini unatuandikisha mnyororo kwa mkono?

Kwa sababu mti na grafu, miundo mingine ya kupanga data, ni nodi na vielekezi pia. Asiyeweza kuifungua na kuifunga nodi moja kwenye mnyororo ulionyooka ataumia kwenye mti wenye matawi. Na kwa sababu siku moja utakutana na abiria wa kumi na saba, na itabidi ujue mwenyewe ni mawe gani yanayofaa.

Tupe zoezi basi, Mwalimu.

Andika foleni ya abiria yenye shughuli tatu: kujiandikisha, kuitwa, na kughairi kwa namba ya tiketi. Iandike mara mbili, moja kwa `deque` na alama ya kughairi, ya pili kwa kamusi na mnyororo wa njia mbili. Kisha uzijaribu zote kwa abiria hawa: aliye mbele kabisa aghairi, aliye nyuma kabisa aghairi, halafu ajiandikishe mwingine mara hiyo hiyo, abiria aliye peke yake kwenye foleni aghairi, mtu aghairi mara mbili, na mtu aghairi baada ya kuitwa, akiwa tayari amekwisha keti botini.